Theluji Mbagala

Nilijua kuna jambo siku kompyuta yangu iliponiambia nje kuna theluji. Ilikuwa saa nne asubuhi, Mbagala, mwezi wa pili, feni inalihamisha joto lilelile kutoka ukuta huu hadi ule, nami nimekaa na singlendi. Nimefungua kivinjari nisome magazeti, nakuta ukurasa mweupe nisioujua: kisanduku cha kutafutia katikati, na pembeni hali ya hewa ya Chicago. Nyuzi sita chini ya sifuri.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikarudisha ukurasa wangu wa mwanzo. Nikafunga, nikafungua. Chicago. Nikarudia, safari hii nikibofya kwa nguvu, kana kwamba kipanya kinaogopa wakubwa. Chicago tena, na baridi imezidi: nyuzi saba.

Chanzo nakijua. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, na kadi ya mwaliko ilikuja kwa PDF ikiwa imeandikwa kwamba tafrija itaanza saa 12 asubuhi. Aliyeichora alikuwa ameshalipwa, kwa hiyo simu yake haipatikani. Nikatafuta programu ya bure ya kugeuza PDF iwe Word, nirekebishe mwenyewe. Ikapakuliwa, ikaanza kuuliza maswali, nami nikajibu: Endelea, Endelea, Nakubali, Endelea. Mikataba minne nimeiridhia bila kusoma, mimi ambaye sokoni nageuza nyanya moja moja. Kumbe kila dirisha lilikuwa na kisanduku kidogo chini, kimeshatiwa tiki kwa niaba yangu, maandishi yake membamba kama safari ya sisimizi.

Biashara yenyewe ni ya upiga debe. Umesimama kituoni, daladala ya Mbagala Rangi Tatu unaiona, na ungeipanda tu. Anatokea mtu, anakunyang'anya mfuko, anakusukumia mlangoni, kisha anamdai konda chake. Ukurasa wa Chicago ulikuwa hivyo hivyo. Nikiandika neno la kutafuta, unalipokea, unalipitisha kwenye matangazo yake, halafu unanisukumia kwa mtafutaji mwingine niliyekuwa naenda kwake. Kila safari kuna senti inaingia mfukoni mwa mtu. Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilitangaza kwamba mmoja wa wapiga debe hao, aliyepewa jina la Fireball, ameingia kwenye kompyuta zaidi ya milioni 250 duniani. Microsoft wakasema hesabu hiyo imetiwa chumvi. Mimi niliipenda ilivyo, maana ilinipa wenzangu wengi.

Ningeweza kuishi na Chicago, lakini Jumapili kulikuwa na kikao. Nikaunganisha kompyuta na televisheni ya mwenyekiti niwaonyeshe wajumbe picha za kumbi. Nikaandika jina la ukumbi wa kwanza. Likaja tangazo lililojaa kioo chote: tumbo la mtu, kabla na baada ya dawa. Mwenyekiti wetu ni mzee wa heshima ambaye tumbo lake hutangulia kuingia mlangoni. Mweka hazina akapaliwa na soda. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Katibu," akasema, "hiyo ni ajenda ya ngapi?"

Usiku ule nikampigia bwana harusi, ambaye ndiye fundi wa ukoo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Huku kwangu kuna theluji."

Alicheka kidogo kuliko nilivyostahili, kisha tukaanza. Kwanza, orodha ya programu, ipangwe kwa tarehe. Siku ile ya kadi zilikuwa zimeingia nne: kigeuza PDF, msaidizi wa kuponi, mwongeza kasi wa kompyuta, na moja yenye jina kama namba ya gari. Msaidizi wa kuponi aliaga kwa shida. Alinionyesha kitufe kikubwa cha kijani cha kubaki, na chini yake kile cha kuondoka, kijivu, kama kimeandikwa kwa penseli na kufutwa nusu.

Tukaenda kwenye viendelezi. Kimoja hakikuwa na kitufe cha kukiondoa kabisa, na juu ya ukurasa kulikuwa na maneno yaliyonikalisha vizuri kwenye kiti: kivinjari chako kinasimamiwa na shirika lako.

"Shirika gani mjomba?"

"Sina shirika. Nimejiajiri."

Kumbe wale jamaa waliandika sera kwenye rejista ya Windows, kivinjari kikadhani kimo ofisini na bosi ameagiza kiendelezi kisiguswe. Nimeishi miaka mingi bila bosi, nikampata kwa kubofya Endelea. Kijana akaniambia nipakue AdwCleaner, programu ya kufagia takataka za aina hiyo. Ikapekua dakika chache, ikatoa orodha ndefu, nikaisafisha yote, kompyuta ikajizima na kuwaka.

Chicago.

"Bofya kulia kwenye ile alama ya kufungulia kivinjari," akasema taratibu, kama anamwongoza kipofu kuvuka barabara. "Nenda Properties. Soma mstari wa Target mpaka mwisho."

Nikasogeza mshale kulia, kulia, kulia. Baada ya chrome.exe na alama ya kufunga, kulikuwa na nafasi moja, kisha anwani nzima ya ule ukurasa imening'inia kama mkia wa mjusi. Siku zote mimi nahangaika sebuleni, mwenzangu kakaa mlangoni. Nikaufuta mkia, nikahifadhi, nikafungua. Magazeti yangu.

"Mjomba, hivi ulikuwa unatafuta nini mpaka ukapakua lile dude?"

Nikamweleza habari ya kadi. Akanyamaza, nikadhani bando limekata.

"Word yako ni ya mwaka gani?"

"2016."

"Ifungue kadi humo humo kwenye Word. Tangu ile ya 2013 inafungua PDF na kuihariri."

Nikafungua. Maua yalikuwa yamehama pembeni na kukaa juu ya jina la bibi harusi, lakini neno "asubuhi" lilikuwa pale, linafutika.