Mwewe Asiyerushiwa Jiwe

Mama, nanyi nyote hapo Buswelu, Mwanza:

Juzi nimeaibika mbele za watu. Mwewe mwekundu alipita chini kabisa, mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Swaaa! Swaaa!" na mkono tayari unapapasa jiwe. Wazee kumi na kitu wenye darubini wakageuka kunitazama. Wangejuaje kwamba mimi nimekua nikilinda vifaranga?

Huku mwewe anasubiriwa. Nilidamka Malmö nikapanda basi hadi Falsterbo, ncha ya kusini magharibi ya Uswidi. Ng'ambo ya maji ni Denmark. Mwewe na vipanga huelea juu ya hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, na baharini hewa hiyo haipo. Basi kila vuli (si mvua zetu, ni majani kupukutika) wanafuata pwani mpaka nchi inawaishia, wanarundikana, wanazunguka angani wakijipa moyo. Ni Kigongo hasa, kabla daraja halijafunguliwa 2025: foleni ya kivuko, macho yote ng'ambo, Busisi.

Mahali pa kutazamia panaitwa Nabben, na kufika ni kukatiza uwanja wa gofu. Sheria: mwenye fimbo akijiandaa kupiga, wewe simama. Nikasimama. Akapima. Akatikisa kiuno. Akapima tena. Vipanga watatu wakapita juu ya utosi wangu, kamera ikiwa mkobani.

Hiyo kamera sasa! Bei yake karibu na ya bodaboda, mjomba asijue. Eti yenyewe inatafuta jicho la ndege. Nikaielekeza kwa kipanga. Ikasitasita, ikazunguka, ikang'ang'ania jicho la mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. Nimepiga picha mia nne. Nyingi ni mawingu, zilizobaki ni mzee. Akitaka za pasipoti, asisumbuke kwenda studio.

Pana pia mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu ndege tangu alfajiri, na hesabu hiyo inaendelea tangu 1973. Wamlete Mwaloni pale Kirumba dagaa zikiwa zimeanikwa, tuone kama ndege wa pale atawamaliza.

Nikamuuliza jirani yangu: yupi kati ya hawa anakwenda Mwanza? Akanitazama kwa huruma. Vipanga hawa, akasema, wengi wanaishia Ulaya hukuhuku. Wale walao nyigu huvuka Sahara, lakini kwenda Afrika Magharibi. Wa kwetu hupitia Istanbul, au Batumi kule Georgia, ambako hupita zaidi ya milioni moja kila vuli. Kumbe tangu alfajiri nimesimama kituo kisicho changu, kama mtu wa Buswelu anayesubiri daladala za Igoma! Nikamimina chai ya chupa, isiyo na tangawizi, nikaendelea kusubiri.

Picha moja nimewatumia. Nukta nyeusi juu kulia ndiye kipanga. Ile nyeupe chini ni mpira wa gofu, umetoka vizuri sana.