Niko Juu ya Mawe, Ila Siyo Mnavyodhani

Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo. Mashangazi wote wa Ngamiani, Tanga, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini nimewasamehe.

Kabla ya yote, naomba zile shilingi 186,000 mlizonichangia kwenye kikundi cha WhatsApp zirudishwe kwa wenyewe. Sijafilisika. Nasikia ile picha niliyotuma, nimelala chali chini ya gari lisilo na magurudumu, ovaroli imechanika gotini, ilizungushwa mtaa mzima mpaka shangazi akatoa hukumu: "Mtoto wetu yuko juu ya mawe." Kilicho juu ya mawe ni gari. Mimi nina kazi yangu, naendesha basi hapa Oxford, na kodi ya nyumba nimelipa. Gari lile nimelinunua vilevile lilivyo, limeoza, kwa pauni 2,500, nikiwa na akili timamu na mke wangu akiwa safarini.

Linaitwa MGB, la mwaka 1972. Ni la watu wawili, na paa lake ni turubai. Lilizaliwa Abingdon, kilomita kama kumi kutoka hapa, kwenye kiwanda kilichoanza kuunda aina hii mwaka 1962 na kufungwa 1980, baada ya kutoa magari zaidi ya 500,000. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza, alifunga nati pale akiwa kijana. Siku gari liliposhushwa kwenye lori alisimama uani kwake, akavua kofia, kama jeneza linapita.

Mjomba, najua swali lako: linabeba nini? Halibebi kitu. Buti lake linameza kapu moja la dagaa, tena ulisindilie. Nyuma ya viti, chini ya sakafu, kuna betri. Siyo moja, mbili, kila moja volti 6, na kuzifikia lazima upige magoti ndani ya gari kama mtu anayetafuta heleni iliyodondoka. Aliyebuni hilo nadhani hakuwahi kusukuma gari asubuhi.

Kwetu gari huwekwa juu ya mawe fedha zikiisha. Huku huwekwa juu ya mawe fedha zikipatikana. Watu wazima wenye mvi hujifungia kwenye banda Jumamosi nzima na gari lisilokwenda popote, wakitoka wanameremeta kama wametoka harusini. Hata serikali inawaunga mkono: gari likishapita miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara, wala halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Limekuwa mzee wa ukoo, haliulizwi kitu.

Tatizo ni kutu. Hawa ndugu zetu wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani ili barafu isigande. Chakula chao hakina chumvi. Yote iko kwenye lami. Inaingia chini ya gari, inatulia, inakula chuma taratibu, na rangi ya juu inabaki inang'aa. Mimi nilibonyeza kwa bisibisi sehemu ya chini ya mlango, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Ndani nikakuta puti, magazeti, na tabaka jingine la puti. Kumbe utapeli wa kunyoosha bodi si mali ya Tanga peke yake.

Nikashika msumeno nikate ule uozo wote. Jirani akaruka ua, na ana miaka zaidi ya sabini, akapiga kelele nisimame. Gari hili halina chesisi kama Land Rover yako, Mjomba. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na kwa kuwa juu hakuna paa, nguvu zote zimebebwa na zile boriti za chuma zilizo chini ya milango. Ukizikata bila kwanza kuchomelea chuma cha kushikilia uwazi wa mlango, gari linapinda katikati kama ngamia, na milango haifungi tena mpaka kiyama. Tuliweka chuma. Kisha nikajifunza kuchomelea kwa kutoboa matundu zaidi ya yale niliyokuwa naziba. Katika mji wa Witney, hapa jirani, kuna watu wanaotengeneza bodi mpya kabisa za MGB kwa vifaa vilevile vya kiwanda cha zamani. Niliuliza bei, nikarudi kuchomelea.

Spana nazo zikanitia aibu. Niliingia na seti yangu, namba 10, 12, 13, 17, kama ulivyonifundisha, Mjomba. Gari hili nati zake ni za inchi. Namba 13 inaikaribia nati ya nusu inchi vizuri tu, unajiona fundi, halafu ukitia nguvu inateleza na kuivua nati kona zote sita. Nimevua nati kumi na moja kabla ya kukubali.

Hayo yote sikukuandikia, nilitaka nikupigie nikiwa tayari. Bahati mbaya siku ya kuwasha injini ilikuja na aibu yake. Ukifungua swichi, pampu ya mafuta iliyo upande wa nyuma inapiga tik, tik, tik. Ya kwangu ilikaa kimya. Jirani akaigonga kwa nyundo, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mkwe. Ikaanza kupiga. Injini ikawaka, moshi ukatanda, mke wangu akafunga madirisha yote. Ila kila nikikanyaga mafuta, inakohoa kwanza ndipo inavuta. Gereji moja ya hapa ilinitoza saa mbili za kazi na kuniambia ninunue kabureta mpya, zote mbili.

Ndiyo ile Jumapili niliyokupigia, Mjomba, ukiwa kibarazani unakunywa kahawa. Ulisema nisogeze simu kwenye injini. Ukasikiliza. Ukaniuliza: "Kabureta za SU hizo, kama za Morris?" Nikasema naam. "Kile kifuniko cheusi cha juu, umekifungua ukatia oili?" Mjomba, nilinyamaza muda mrefu kidogo. Sikujua kwamba ndani mle mna pistoni inayopanda na kushuka, na kwamba oili ndiyo inayoizuia isirukeruke unapokanyaga mafuta ghafla. Nikatia oili kidogo ya injini kila upande. Kikohozi kikaisha. Ukaniamuru nichukue kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, nisikilize mlio wa hewa, huku na huku, mpaka zote mbili zivume sauti moja. Mpira niliukata kwenye mashine ya kufulia. Hilo libaki baina yetu.

Jirani aliniuliza nani alikuwa kwenye simu. Nikamwambia ni mtaalamu wa Tanga. Akataka kujua anatoza kiasi gani kwa saa. Nikamwambia kikombe cha kahawa na kashata, akakaa chini kwenye ndoo.

Juzi tulilitoa. Mimi na mzee, kofia tumezishika kwa mkono, mpaka Abingdon na kurudi. Alinionyesha lilipokuwa lango la kiwanda, hakusema neno mpaka mvua ilipoanza. Turubai bado sijanunua. Tulifika nyumbani tumelowa chapachapa, yeye anacheka kama mtoto.

Nilipokupigia kukupa habari, Mjomba, ulisikiliza mwanzo hadi mwisho bila kunikatiza, ukashusha pumzi, ukasema: "Vizuri sana. Sasa liuze, ununue gari."

Nasubiri radhi yenu. Na zile 186,000, kama mweka hazina bado hajazigawa, azishike kwanza. Nimeona bei ya turubai.