Sifa za Kuloweka

Lukiano wa Samosata alimsifu nzi. Erasmus wa Rotterdam akausifu upumbavu, tena kwa kitabu kizima kilichopigwa chapa mwaka 1511. Beseni la nguo zilizolowekwa halijapata wakili mpaka leo, na huo ni uonevu. Kijana aliyehama kwao na kupanga chumba chake cha kwanza pale Mabibo au Sinza hana rafiki mkubwa kulilo.

Fikiria kufua kwenyewe kulivyo na masharti. Utenge nyeupe na za rangi, ufikiche kola na kwapa, ukamue, usuuze mara mbili, uanike umegeuza ndani nje jua lisizifubaze, uanue kabla ya umande, halafu kuna pasi. Kuloweka kunataka maji na gao la sabuni ya unga, basi. Ukishamwaga hayo una haki ya kusema unafua. Wenzako wakikuita mpirani, unajibu, "Nimeloweka nguo." Hujadanganya. Na sasa unaweza kulala. Mwenye rundo la nguo kavu kwenye kona anaitwa mchafu; rundo lilelile likimwagiwa ndoo moja ya maji, mwenyewe anakuwa mtu mwenye shughuli zake.

Halafu kuna elimu. Nyumbani nguo zilitoka kambani zimetakata, naye kijana akazivaa bila kuuliza kitu. Beseni ndilo linalomfundisha, wala halidai ada. Shati jeupe la usaili likilazwa pamoja na jezi nyekundu, asubuhi vyote viwili ni vya Msimbazi, hata kama mwenye shati ni Yanga wa kufa. Zipu ya suruali ikikaa majini siku ya pili inatoa kutu, na kutu hiyo huchora alama kwenye shuka la jirani yake. Mwenye doa la damu akilimwagia maji ya moto, damu inagandia kwenye uzi kama ute wa yai kikaangoni; angeanza na maji baridi ingeachia. Na akichota maji ya kisima cha chumvi, ambayo Dar es Salaam si haba, atashangaa sabuni ya mche inagoma kutoa povu na kuacha utando wa kijivu. Kalsiamu na magnesi zilizomo majini hushikana na sabuni kabla haijafika kwenye uchafu. Sabuni ya unga huyastahimili zaidi maji hayo, na zile zenye vimeng'enya humeng'enya jasho na mchuzi zenyewe. Nusu saa inatosha, saa moja ni ukarimu. Lakini mwanafunzi mwenye bidii hatoki darasani mapema, naye huziacha hadi Jumatano.

Hata afya inalindwa. Barani kwetu yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Funza wake huingia ngozini na kufanya jipu. (Sidhani Lukiano angemsifu huyu.) Ndiyo maana wazee walipiga pasi ya mkaa, ile yenye kijogoo cha kufungia mbele, mpaka kwenye mishono ya nguo za ndani: moto ule huua mayai. Kuloweka kuna kinga rahisi zaidi. Nguo iliyomo besenini haianikwi, na isiyoanikwa haitagiwi.

Wapinzani hawakosi. Ikifika siku ya tatu povu limekufa, juu kumekaa utando wenye rangi ya chai ya jana, na ukitia mkono nguo zinateleza kama zimepakwa bamia. Harufu inayotoka hapo ni kazi ya bakteria, ambao hawajui kwamba wamekaa ndani ya sabuni. Wahenga waliosema cha kuvunda hakina ubani nadhani waliwahi kupanga nyumba yenye choo cha nje na beseni la mtu mlangoni. Mama mwenye nyumba naye hupita na ufagio wake, akasimama, akauliza kwa upole wote, "Mwanangu, hizi nguo unazifua au unazifuga?"

Swali hilo halina jibu zuri, na wengi hulikwepa kwa kumwaga maji yale na kuloweka upya. Hapo ndipo ukuu wa jambo hili unapoonekana: ni kazi pekee ninayoijua ambayo ukiharibu unaruhusiwa kuianza tena bila kuwa umeimaliza. Siku ukiishiwa shati kabisa, dobi yupo kona ya mtaa, naye atakuuliza tu kama umeshaloweka.

Basi loweka, ndugu yangu, usione haya. Ila kama beseni lako ni la tangu Jumapili, lisogeze pembeni kidogo. Wenzako wanapita hapo kwenda bombani.