Sharubu Zangu na Bahari ya Mnemba

Video imeshafika Bukoba. Najua kwa sababu shemeji yangu aliyeko huko amejibu kwa kicheko cha sauti, bila neno hata moja. Kwenye video hiyo yumo mwanaume mzima, jaketi la kuokolea maisha limempanda mpaka masikioni, amekumbatia boya kwa mikono miwili, na kijana wa rika la kitindamimba wake anamkokota kwa kamba katika bahari ya Mnemba. Pembeni anapita mtoto wa kizungu, mapengo wazi, anaogelea kinyumenyume apate kunitazama vizuri. Aliyerekodi ni mke wangu. Aliyeirusha kwenye kundi la ukoo ni yeye vilevile, nywele zikiwa bado zinachuruzika maji.

Tulitoka Matemwe asubuhi kwa boti ya mbao yenye turubai. Mnemba ni kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Unguja, kimezungukwa na matumbawe, na tangu mwaka 2002 bahari yake ni eneo la hifadhi ambalo mgeni hulipia kuingia. Tukalipia. Lakini miwani ya kuzamia ilipogawiwa, ilinipita. Walipewa Wazungu, akapewa mke wangu, kisha msaidizi wa nahodha akafunga kasha na kuniambia kwa adabu zote, "Dereva, wewe utabaki na vitu vya wageni, sivyo?"

"Huyu ni mume wangu," mke wangu akasema, kwa sauti iliyonifanya nishuku kama ana hakika. Kasha likafunguliwa, nikapewa iliyobaki.

Sasa ngoja nikueleze hiyo miwani, maana usiku ule mgongo ulininyima usingizi na nikaamua kuijua kama hakimu anavyomjua mshitakiwa. Jicho letu limeumbwa kwa ajili ya hewa. Kazi kubwa ya kukunja mwanga hufanywa na konea, ule utando wa mbele, na huiweza kazi hiyo kwa kuwa nje yake kuna hewa na ndani yake kuna majimaji. Ukitumbukiza uso baharini, maji yapo mbele na nyuma ya konea, nayo inabaki haina la kufanya. Dunia inageuka ukungu. Kwa hiyo kinachomwonesha mzamiaji samaki si kioo. Ni ile hewa iliyofungiwa kati ya kioo na jicho. Anashuka na kijichumba chake cha hewa usoni. Tena mwanga unapotoka majini na kuingia kwenye kijichumba hicho unapinda, na kila kitu kinaonekana kikubwa kwa theluthi moja kuliko kilivyo. Mtu akirudi na habari za chewa wa ajabu, mkatie robo ya hadithi, na hapo hujamtukana, umefanya hesabu tu.

Kuna suala la mate pia. Pumzi yenye unyevu ikigusa kioo kilichopozwa na bahari, hugeuka matone madogo yanayoziba macho. Mate huyavunja matone hayo yakatandaa kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga. Ni elimu nzuri kabisa. Ningeifurahia zaidi kama mate yaliyopakwa kwenye kioo changu yangekuwa yangu. Yalikuwa ya yule kijana wa kamba.

Kijichumba kile cha hewa hulindwa na kitu kimoja tu: ukingo wa mpira unaobana ngozi. Mpira na ngozi hushikana vizuri sana. Mpira na nywele havishikani, kwa sababu kila unywele huacha kijia chake, na maji hayahitaji barabara pana. Pua nayo imo ndani ya miwani, kwa hiyo ukingo wa chini unalala juu ya mdomo wa juu, pale pale ambapo mimi nimefuga sharubu tangu kabla sijaoa.

"Ami," kijana akasema baada ya kuniinua mara kadhaa nikiwa nimejaa maji mpaka nyusi, "hizi sharubu ndizo zinazovujisha."

"Mwanangu, hizi sharubu zimekutangulia kuzaliwa."

"Wembe upo kwenye boti, ami."

Mke wangu akatoa kichwa majini kutoka mbali alikokuwa, nadhani kwa ajili ya kusikia jibu langu tu.

Tukapatana kwenye mafuta ya mgando. Alizipaka sharubu zangu kwa kidole, taratibu, mbele za watu wa mataifa manne, akazilaza zote upande mmoja. Zikatulia kwa muda. Kisha maji yakaanza tena kupanda, polepole, mpaka puani. Kijana akanielekeza: bana ukingo wa juu, tazama juu, puliza kwa pua, maji yatatokea chini. Lakini mwili huu umevuta hewa kwa pua maisha yake yote, na haukuona sababu ya kuacha kwa mafunzo ya dakika moja. Ulivuta. Nikatafuta pa kusimama.

"Usisimame! Matumbawe!" boti nzima ikapiga kelele. Na walikuwa na haki. Tumbawe ni jiwe lililojengwa na wanyama wadogo ambao bado wanaishi juu yake, na mengi ya ukanda wetu yalipauka na kufa bahari ilipopata joto mwaka 1998. Hayakuhitaji nyayo zangu. Hapo ndipo boya lilipotupwa.

Nikiwa nakokotwa, nilimuuliza kijana kwa nini wasitengeneze mrija wa kupumulia wenye urefu wa mita mbili, wimbi lisiufikie na mtu ashuke akaone mambo kwa karibu. Akacheka tu, lakini sababu ninayo sasa. Mita moja ya kina cha maji inaweka tani moja juu ya kila mita ya mraba. Uzito huo unakibana kifua, ilhali hewa iliyo ndani ya mrija ni ya juu, haijabanwa na chochote, na misuli ya mbavu haiwezi kukitanua dhidi ya mzigo wote huo. Zaidi ya hapo, pumzi uliyoitoa haifiki nje ya mrija mrefu. Unaivuta tena ikiwa imeshatumika. Ndiyo maana Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, waliunda mwaka 1943 vali inayompa mzamiaji hewa yenye shinikizo sawa na maji yanayomzunguka. Nawaheshimu sana. Hawakusema lolote kuhusu sharubu.

Nilimwona pono mmoja. Alikuwa akikwangua mwamba kwa meno yake yaliyoungana, na mlio wake unasikika kabisa. Anasaga, anameza, na mawe yanatokea nyuma yakiwa mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe wa picha za fungate za Zanzibar ilipitia tumboni mwa pono kwanza.

Pomboo walikuja, boti zote zikawazingira, wakaondoka. Pweza wa nazi alikuwa mtamu. Mgongo uliungua. Kandambili moja haikurudi.

Lile neno "dereva" ndilo halijanitoka: mwenye nchi hatarajiwi kuwa miongoni mwa wanaotazama. Kisiwa chenyewe hatukukikanyaga. Kimekodishwa kwa hoteli, na asiyelala humo hashuki. Maji yanayokizunguka tunayalipia, na tukishalipia tunakuta onyesho lote lipo chini, limepangwa kwa ajili ya mtu aliyefundishwa kuogelea akiwa na mapengo. Yule mtoto hana kipaji kunizidi. Kuna mtu mzima aliyempeleka kwa mwalimu. Sisi tuna bahari, tuna maziwa yenye kina cha kutisha, na tunamlea mtoto kwa amri moja: usiende majini.

Hapo mzaha unaniishia. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Julai 2012 ikazama meli nyingine, Skagit, si mbali na kisiwa cha Chumbe. Walikufa mamia. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Usiku, katikati ya mkondo, hata hodari huchoka. Nasema tulizika, tukalia, kisha tukaendelea kuwakataza watoto maji badala ya kuwafundisha.

Haishindikani. Nungwi, si mbali sana na Mnemba, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuokoa wenzao wakiwa wamestirika mwili mzima, na picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Dunia ikawatazama na kupiga makofi. Darasa kama hilo lilipaswa kuwa jambo la kawaida katika kila shule ya pwani na ya kandokando ya ziwa, lisilostahili kupigwa picha hata moja.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, kama una mtoto, mtafutie mwalimu wa kuogelea kabla hujamtafutia wa tuisheni ya Kiingereza.