Muulize Mjomba: Taa Zilizoota Kiburi

*Mjomba, shikamoo. Nimelinyanyua gari kwa spesa, mbele na nyuma, maana barabara ya kwetu ni mahandaki. Tangu hapo nimekuwa maarufu. Usiku nikitoka Bunju kwenda Bagamoyo, kila dereva tunayepishana ananipigia full. Nami nawapungia mkono. Mke wangu anadai hawanisalimii. Nani mkweli?*
– Maarufu, Bunju

Marahaba. Mkeo. Hao wanakutukana, ila vioo vimefungwa ndiyo maana husikii.

Bila shaka gari lako lina zile taa za xenon zinazojipanga zenyewe. Kwenye magari mengi ya namna hiyo, sensa iko nyuma tu, imeunganishwa na mkono wa tairi kwa kifimbo chembamba kama kalamu. Ukipakia saruji, kitako kinashuka, pua inainuka, sensa inaamuru taa ziiname. Wewe umekipandisha kitako. Pua nayo umeipandisha, lakini sensa huko mbele haina jicho. Inachojua ni kwamba nyuma kuko juu, basi inadhani gari limeinamia mbele na inazinyanyua taa. Zinaishia machoni mwa watu.

Fundi asiguse skrubu za taa kwanza. Gari lisimame pa tambarare, bila mzigo, tairi zikiwa na upepo unaotakiwa, kisha sensa ifundishwe kimo kipya kwa mashine ya kompyuta. Ndipo uende ukutani usiku: ukiwa umbali wa mita 10, ukingo wa mwanga wa dimu uwe chini ya usawa wa kitovu cha taa kwa sentimita 10 hadi 15. Ukiona ukingo unapanda kidogo upande wa kushoto, uache. Ndio unaokuonyesha mtu anayetembea kando ya barabara.

Na mkono urudishe kwenye usukani.

*Mjomba, nimebadilisha shokapu za nyuma. Sasa taa zinamulika hatua chache tu mbele ya bampa, na kwenye dashibodi kuna kitaa cha njano hakizimiki. Fundi anasema itazoea.*
– Gizani, Morogoro

Itazoea nini, giza? Chukua tochi uchungulie nyuma ya tairi. Shokapu ikifunguliwa, mkono wa tairi huporomoka, na kifimbo cha sensa kisipotenguliwa mapema huvutwa hadi kikachomoka au kukatika. Nahisi utakikuta kinaning'inia upande mmoja. Kikiwa kizima, tazama kama kimefungwa kinyumenyume, kisha sukuma plagi ya waya uone kama imeingia sawasawa. Kompyuta ikikosa habari za sensa, kwa kawaida huwasha kitaa na kuacha taa zimeinama, isije ikampofusha mtu. Ina adabu kuliko fundi wako.

Kuna muuza vipuri atakayekushauri ununue taa mpya mbili. Mwamkie vizuri, kisha uondoke.

*Mjomba, taa zangu ni za kawaida, hazina sensa wala kompyuta. Tangu nibadilishe springi zinamulika chini mno. Gereji ya tatu hii.*
– Mchovu, Tanga

Karibu na usukani kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Namba ikipanda, taa zinashuka. Kirudishe kwenye 0, na huyo fundi wa tatu usimlipe kabla hujatazama.