Barua ya Wazi kwa Mabunge Matano Yaliyochoshwa na Mkataba wa Ottawa

Waheshimiwa Wabunge wa Estonia, Latvia, Lithuania, Ufini na Poland,

Salamu kutoka Machakos. Tumesikia kwamba kati ya Aprili na Juni 2025 mlipiga kura, mmoja baada ya mwingine, kuutema mkataba unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. Hongereni. Si kila mtu hupata kuzika bomu kwa baraka za bunge.

Sisi wenzenu tulikuwa washamba. Kenya ilitia saini Desemba 1997, na mwaka 2003 jeshi letu likateketeza akiba yake, zaidi ya mabomu 35,000. Mwaka 2004 mataifa yakakutana Nairobi kuupitia mkataba na kuahidi dunia isiyo na silaha hizo. Ninyi wa Estonia ndio kwanza mlikuwa mmejiunga mwaka huo huo. Tukaamini. Kumbe yalikuwa maneno ya mgeni mbele ya sinia la pilau.

Ila Ufini mmetia fora. Mlijiunga 2012, mkaharibu zaidi ya mabomu milioni moja, na sasa mmejifungulia mlango wa kununua mengine. Hapa mjini mfanyabiashara akipiga hesabu za namna hiyo, duka lake huishia kwa dalali.

Si kwamba hatuwaelewi. Jirani yenu Urusi hajatia saini (wala Marekani, wala China), na aliyoyafanya huko Ukraine tumeyaona. Tena mmewahi: kifungu cha 20 kinasema anayejitoa husubiri miezi sita, na akikutwa vitani, hatoki hadi vita viishe. Ukraine, aliyechelewa, ikabidi adai kwamba anausimamisha tu.

Tuna ombi dogo, nalo linahusu ramani ya mabomu. Tarehe 20 Julai 2002 serikali ya Sudan na waasi wa SPLM walitia saini hapa kwetu Itifaki ya Machakos, tukavimba vichwa. Mabomu yaliyozikwa kwenye barabara ya Nimule kwenda Juba, huko kusini mwa Sudan, hayakupata habari. Ilibidi yatafutwe na watu waliopiga magoti, wakichokoa udongo kwa kijiti cha chuma kilicholazwa mshazari, maana bomu hutegwa likanyagwe kwa juu. Ukilifikia ubavuni, huenda ukarudi nyumbani na mikono yote miwili.

Huku Ukambani tunachimba matuta ya fanya juu, udongo tunaurusha upande wa mlimani, kutwa nzima, bila kumuuliza mtu chini kuna nini. Mkulima wenu wa mpakani naye ana jembe lake, au trekta. Basi mtujulishe: ramani itakaa kabati gani? Ufunguo atakuwa nao nani, uchaguzi ujao mkishindwa? Theluji ikiyeyuka na kuyasukuma mabomu mita kumi chini ya mteremko, nani atakwenda kuirekebisha ramani, na atatanguliza mguu upi?

Mtujibu kwa posta ya kawaida. Hatuna haraka kama yenu.

Wenu mtiifu,
Mwenye shamba, Machakos