Saini Kwanza, Utasoma Baadaye

Kwa Wizara ya Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

KUH: KALAMU YA MAMA KEVO

Wazazi wa Riruta Satellite wanaanza kwa pongezi. Tangu 1984, vituo vya tathmini vya EARC vilipoanzishwa kwa msaada wa Denmark, Wizara imekuwa ikimtafuta mtoto asiyesikia vizuri, asiyeona ubao, au ambaye herufi humchezea machoni. Mwaka 1986 ikaongeza KISE, chuo cha elimu maalum ambacho leo kiko Kasarani. Zamani mtoto wa namna hiyo alikuwa na jina moja tu mtaani, kichwa ngumu, na dawa yake ilikuwa kiboko, hadi kilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001.

Kwa hiyo hakuna anayepinga tathmini. Kinachowashangaza wazazi ni jinsi idhini yao inavyopatikana.

Tumchukue Mama Kevo. Hayupo, lakini kila ploti ya Satellite inaye. Anauza sukuma wiki karibu na stegi. Jumatatu jioni Kevo anamletea fomu kutoka shuleni: kurasa mbili za Kiingereza, zenye maneno marefu kuliko foleni ya maji, na agizo kwamba irudi kesho asubuhi ikiwa na saini. Kiingereza cha Mama Kevo kinatosha bei na nauli, basi anamwomba mwanawe amsomee. Kevo anakodoa macho. Sababu ya kutakiwa apimwe ni kwamba hawezi kusoma.

Mama anasaini, chini kabisa ya mstari unaosema kwamba ameelezwa yote na ameyaelewa.

Baada ya wiki tatu Kevo amehamishiwa kundi jingine, na wenzake wameshampa jina jipya. Ripoti ipo. Mwalimu ameisoma, mwalimu mkuu ameisoma, na mama muuza chai wa getini anaijua kwa muhtasari. Mama Kevo ataiona siku atakapomaliza karo.

Wizara itakumbuka kwamba Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 33 kinakataza kuchakata taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na sheria hiyohiyo inataka idhini iwe ya hiari, mahususi na ya mtu aliyeelewa anachokikubali. Tena mzazi anaweza kuiondoa wakati wowote. Fomu ya Kevo ina nafasi ya kukubali. Ya kubadili nia haikupata wino.

Si kwamba sheria hii imelala. Ukifuata Naivasha Road kutoka Satellite utafika Uthiru, ambako Septemba 2023 shule moja ilitozwa Sh4,550,000 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wizara, ambayo ndiyo mwalimu mkuu wa hesabu, inaombwa kukokotoa: ikiwa picha za sura zilifikia bei hiyo, picha ya akili ya mtoto ni shilingi ngapi?

Mwaka huohuo wakazi wa Nairobi walipanga foleni ili mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin uwapige picha mboni za macho kwa malipo ya takriban Sh7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo Agosti 2, ikiwahurumia wananchi kwa kutoa data yao bila ulinzi. Wazazi waliguswa. Huruma hiyo ingepanda matatu ingefika kwao kabla ya chakula cha mchana. Hata Mama Kevo akituma shilingi hamsini kwa M-Pesa, huduma ya Hakikisha humwonyesha jina la mpokeaji na kumpa nafasi ya kughairi.

Mwandishi wa barua hii ana sharti moja asilotaka lipotee katika kicheko. Idhini isigeuzwe ukuta. Kifungu hichohicho cha 33 kimeacha mlango kwa wanaotoa ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto pekee: huenda wasihitaji kumwomba mzazi ruhusa. Ni busara, kwa sababu anayempiga mtoto usiku anaweza kuwa ndiye mwenye kalamu asubuhi. Lakini mlango huo ni wa mtoto aliye hatarini. Kipimo cha disleksia hakina haja ya kupita hapo kimyakimya.

Wazazi hawaombi makuu. Wanataka ukurasa mmoja wa Kiswahili, ambacho kwa ibara ya 7 ya Katiba ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, hata kama bado hakijafika kwenye fomu. Ukurasa huo useme kipimo ni kipi, nani atapima, nani atasoma majibu, na Kevo atafanyiwa nini akionekana ana shida, pamoja na nini hatafanyiwa. Uwe na kisanduku cha "sitaki" na kingine cha "nina swali". Kisha mwalimu akae na mama dakika kumi, jioni, baada ya sukuma kuisha.

Fomu ya kukubali maombi haya imeambatishwa. Ina kurasa 14, kwa Kikuyu, Kiluhya na Sheng. Wizara inaombwa kusaini ukurasa wa mwisho na kuirudisha kesho kabla ya saa mbili asubuhi. Ikipata neno gumu, imwombe Kevo aisomee.

Wazazi,
Riruta Satellite.